Kabla ya kununua dawa ya tunguu, uliza limechimbwa wapi

MSOMAJI, bila shaka umewahi kuwaona. Kando ya stendi ya matatu au karibu na lango la soko, mtu ametandika gunia na kupanga juu yake magome, mizizi, majani makavu na chupa za maji ya rangi ya kahawia. Katikati ya bidhaa hizo aghalabu huwapo kitu kinachofanana na kitunguu kikubwa, kimefunikwa maganda makavu mithili ya karatasi, pengine kimekatwa vipande ili mnunuzi aone utomvu ulio ndani. Ukiuliza, utaambiwa kinatibu tumbo, viungo, presha na maradhi mengine ambayo si adabu kuyataja mbele ya watoto.

Wengi wetu huuliza maswali mawili tu: Kinatibu nini? Ni pesa ngapi? Swali la tatu huwa halina mwulizaji, ilhali linahusu afya yako na uhai wa mmea wenyewe: Kimechimbwa wapi, na je, kimebaki kingine pale kilipotoka?

Kwanza tuelewane kuhusu jambo moja. Ukichuma majani ya mwarobaini, mti huchipuza mengine. Ukibandua gome la muiri upande mmoja kwa uangalifu, mti waweza kupona, ingawa ni wachache walio na uangalifu huo. Lakini tunguu, yaani ile sehemu nono iliyo ardhini ambayo kitunguu cha jikoni ni mfano wake, ni jambo tofauti kabisa. Hilo ndilo ghala la mmea. Wakati wa kiangazi majani hukauka na juu ya ardhi huoni kitu, lakini chini chakula kimewekwa akiba, na chipukizi la mwaka ujao limelala humo likingojea mvua. Anayeling'oa hajachukua sehemu ya mmea. Ameuchukua mmea wote, pamoja na maua na mbegu ambazo ungezaa mwaka huo na miaka ambayo ingefuata.

Aidha, mimea mingi ya namna hii hukua polepole. Mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa tunguu linaloweza kutoa ua. Mchimbaji naye hataki tunguu dogo. Hutafuta lile kubwa, na hilo kubwa ndilo lililokomaa na ndilo linalozaa. Ni kama mfugaji ambaye kila siku huchinja ng'ombe wa maziwa akawaacha ndama, kisha akashangaa zizi limekuwa tupu.

Mfano ulio karibu nasi unapatikana katika nchi jirani ya Tanzania, kwenye nyanda za juu za kusini. Huko, kati ya Mbeya na Njombe, kuna uwanda wa Kitulo ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua zinapoanza kunyesha, nyasi za uwanda huo hujaa maua ya kila rangi, kiasi kwamba wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Okidi hizo hazina tunguu hasa, bali zina viazi vidogo, lakini mambo ni yale yale: kiazi ndicho ghala, na kikiondoka mmea umekwisha.

Viazi hivyo huliwa. Nchini Zambia hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Viazi husafishwa, hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi. Mchanganyiko hushikana ukawa mgumu, ukakatwa vipande kama soseji nene, hata watu wa mijini wakaubatiza jina la poloni ya Kiafrika. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa nchi hiyo, hasa kwa Wabemba. Siku hizi chikanda huuzwa katika masoko ya Lusaka, kando ya barabara na hata katika maduka makubwa. Ni chakula kitamu na cha heshima, na mwandishi wa makala haya hana ugomvi hata kidogo na wanaokipenda.

Tatizo ni kwamba kadiri wapenzi wa chikanda walivyoongezeka mijini, ndivyo okidi zilivyoadimika katika misitu ya Zambia yenyewe. Wafanyabiashara wakaanza kutazama ng'ambo ya mpaka. Watafiti waliochunguza biashara hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2003 walikadiria kwamba kila mwaka viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kwenda Zambia. Hebu rudia kuisoma idadi hiyo, ukikumbuka kwamba kila kiazi ni mmea mmoja.

Pengine utauliza, kwa nini wakulima wasivipande kama wanavyopanda viazi mbatata, ambavyo hustawi vizuri katika wilaya kama Makete? Hapo ndipo okidi inapomshinda mkulima. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na haina chakula chochote ndani. Ili iote, ni lazima ikutane na kuvu wa aina fulani udongoni ambaye atailisha mpaka iweze kujitegemea. Bila kuvu huyo, unaweza kumwaga mbegu milioni moja shambani usipate hata mche mmoja. Wataalamu katika maabara wameweza kuotesha baadhi ya okidi za Afrika, lakini kutoka chupa ya maabara hadi shamba la mwanakijiji ni safari ndefu.

Zaidi ya hayo, kiazi hakina sura ya kukutambulisha mmea wake. Okidi ya kawaida na okidi adimu isiyopatikana kwingine duniani zaweza kuwa na viazi vinavyofanana kama mapacha. Njia ya hakika ya kuzitofautisha ni ua, na mara nyingi mchimbaji huja ua likiwa limenyauka. Kwa hivyo huchimba zote. Okidi nyingi za aina hizi huwa na viazi viwili chini: cha zamani kilichonywea, ambacho kimelisha shina la mwaka huu, na kipya kilichojaa, ambacho kingelisha shina la mwaka ujao. Kinachotakiwa sokoni ni hicho kipya.

Mwaka wa 2005 serikali ya Tanzania iliufanya uwanda huo kuwa Mbuga ya Taifa ya Kitulo, yenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 413. Mbuga nyingi katika eneo letu zilitengwa kwa ajili ya ndovu, simba na nyumbu. Hii ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa sababu ya maua. Ni hatua ya kupongezwa, lakini okidi hazisomi ramani. Nyingine huota nje ya mipaka ya mbuga, katika nyasi za vijiji ambako hakuna askari kila kilima, na ambako mzazi aliyeshindwa na karo ya mtoto hawezi kulaumiwa sana akichukua jembe. Faida nono haimfikii yeye. Huwafikia walio mwisho wa safari, mjini.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maarufu kama CITES, ulikubaliwa mwaka wa 1973, na Kenya, Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Okidi zote duniani zimo katika orodha zake, kumaanisha kwamba haziwezi kuvushwa mpaka bila kibali. Lakini mweke afisa wa forodha mbele ya lori lenye magunia mia moja, kumi kati yake yakiwa na viazi vya okidi na mengine yakiwa na mbatata, halafu mwambie atofautishe kabla ya jua kutua.

Mwaka wa 2017 wanasayansi walitumia njia mpya. Walichukua chikanda iliyopikwa tayari, wakapima chembe za urithi zilizomo, yaani DNA, na wakafaulu kutambua okidi za jamii mbalimbali ndani ya kipande kimoja cha chakula. Jambo hilo ni ushindi kwa walinzi wa mimea. Kwako wewe mlaji pia ni habari: mpishi mwenyewe huwa hajui ametia mimea mingapi chunguni.

Na hapo ndipo swali letu la tatu linapogeuka kuwa swali la afya.

Chikanda imeliwa kwa vizazi vingi na si chakula cha kutisha. Lakini si kila kinachochimbwa porini ni chikanda. Jamii ya matunguu ni miongoni mwa jamii za mimea zenye sumu kali, na haishangazi. Mmea uliohifadhi chakula chake ardhini, mahali ambapo panya, fuko na nguruwe mwitu hupita wakinusa, ni lazima uwe na silaha. Silaha yake ni sumu. Mara nyingi sumu hiyo hiyo, ikipimwa kwa kiwango kidogo mno na mtu anayejua, ndiyo dawa.

Chukua mfano wa Gloriosa. Huenda umeuona mmea huu pwani au kando ya vichaka vya bara: hutambaa na kujishikilia kwa ncha za majani, na maua yake mekundu yenye ukingo wa manjano yamekunjika kwenda juu kama moto. Kiazi chake kina kolkisini, dawa ambayo madaktari huitumia kutibu ugonjwa wa jongo. Lakini kiwango kinachotibu na kiwango kinachoua viko karibu mno. Kuna watu waliokufa kwa kula kiazi hicho wakidhani ni kiazi kikuu. Mgonjwa hajisikii vibaya mara moja. Saa kadhaa hupita, kisha huanza kutapika na kuharisha sana, na baada ya siku moja au mbili figo, moyo na uboho wa mifupa huanza kushindwa kufanya kazi.

Mfano mwingine ni Boophone, tunguu kubwa lililofungwa maganda mengi makavu, ambalo huota kuanzia Afrika Kusini hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Kusini mwa bara, maganda yake yametumika tangu jadi kufungia vidonda, hata vya vijana waliotoka jandoni. Hayo ni matumizi ya nje. Sumu iliyo ndani ilipakwa kwenye mishale. Anayelimeza huweza kuona mambo yasiyokuwapo, akapoteza fahamu na hata kufa.

Ikiwa mtu wa nyumbani mwako amekunywa dawa ya tunguu na akaanza kutapika, kuona maluweluwe au kuhisi moyo ukienda mbio au kudunda polepole isivyo kawaida, usingoje kesho na usimpe maziwa ukadhani yataosha sumu. Mpeleke hospitalini, na ubebe kipande cha tunguu kilichobaki au hata maganda. Daktari anayejua mmea ni upi huwa amepiga hatua kubwa.

Tafadhali usidhani kwamba makala haya yanawadharau madaktari wa kienyeji. Mganga wa kweli, aliyefunzwa na mamaye au babu yake, huujua mmea wake tangu ukiwa na ua, hujua mwezi wa kuchimba, na kwa kawaida huchimba machache akayaacha mengine, kwa kuwa anajua atarudi pale pale. Si yeye anayejaza lori. Linalojaza lori ni soko la mjini, ambako mchimbaji, mchukuzi, muuzaji na mgonjwa hawajuani, na tunguu limepita katika mikono minne kabla ya kukufikia wewe.

Afrika Kusini imelipa gharama ya soko kama hilo. Katika masoko ya dawa za kienyeji ya Durban na Johannesburg, matunguu na mizizi huuzwa kwa magunia. Huko kuna tangawizi pori ambayo wanasayansi huiita Siphonochilus, inayopendwa kwa kikohozi, mafua na pumu. Katika eneo la KwaZulu-Natal imechimbwa hadi ikatoweka porini. Habari njema ni kwamba, tofauti na okidi, mmea huu hukubali kulimwa. Vitalu vya miche viliuzalisha, waganga wakapewa miche ya kupanda, na leo waweza kuununua bila kugusa msitu.

Nchi hiyo hiyo ilipata somo jingine wakati wa janga la Ukimwi. Waziri wa afya wa wakati huo, marehemu Manto Tshabalala-Msimang, aliwahimiza wagonjwa watumie kitunguu saumu, limau, bitiruti na kiazi pori kiitwacho Hypoxis. Mahitaji ya kiazi hicho yalipanda, na wachimbaji wakaingia nyikani. Mwaka wa 2005 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba Hypoxis huweza kuvuruga jinsi mwili unavyozivunjavunja dawa za kupunguza makali ya virusi. Ni kweli kwamba majaribio ya baadaye kwa binadamu hayakuona madhara makubwa kama ilivyohofiwa. Lakini hakuna ushahidi uliopatikana kuwa kiazi hicho kinaweza kuchukua nafasi ya dawa hizo, na wapo walioziacha dawa wakashika mizizi. Ikiwa unatumia dawa za Ukimwi, za kisukari, za presha au za moyo, mweleze daktari wako kila mzizi unaotumia, hata kama unaona haya.

Pengine unajiuliza ikiwa kuna tunguu lolote lililowahi kuleta dawa ya hospitali. Lipo. Huko Ulaya na Uturuki kuna ua dogo jeupe liitwalo Galanthus, linalochomoza baridi ikiwa bado kali. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Bulgaria, miongoni mwao Dimitar Paskov, walishughulikia kemikali itokayo katika mimea ya jamii hiyo, inayoitwa galantamini. Kwanza ilitumiwa kwa waliopooza kutokana na polio na maradhi mengine ya neva. Mwaka wa 2001 Marekani iliidhinisha itumiwe kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa wazee wa kupoteza kumbukumbu. Haiuponyi, lakini huweza kupunguza makali yake kwa muda.

Sasa fikiria lau Galanthus lingekuwa limekwisha kabla ya Paskov kuzaliwa. Hilo si wazo la mzaha, kwa sababu matunguu ya ua hilo yaling'olewa katika milima ya Uturuki kwa mamilioni, si kwa dawa bali kwa ajili ya bustani za Ulaya Magharibi. Mwaka wa 1990 Galanthus likatiwa katika orodha ya CITES, biashara ikawekewa viwango, na wanavijiji wa milima ya Taurus wakasaidiwa kuyapanda matunguu wenyewe badala ya kuyachimba. Galantamini nayo sasa hutengenezwa viwandani, na nyingine hutolewa katika maua ya dafodili yanayolimwa, kwa mfano huko Wales. Mgonjwa anapata dawa yake bila mlima kunyang'anywa maua.

Humu nchini tunajua uchungu wa kung'oa mti pamoja na mzizi. Kumbuka yaliyoupata msandali, uliong'olewa Samburu na kwingineko kwa sababu ya mafuta yaliyo katika shina na mizizi. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007, na mwaka wa 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika orodha ya CITES. Hata hivyo, magunia yaliendelea kunaswa barabarani. Marufuku peke yake huwa na mkono mfupi ikiwa mnunuzi yupo na pesa ziko mfukoni.

Mnunuzi huyo ni wewe na mimi. Ukienda kwa anayeuza dawa, mwombe akutajie jina la mmea, akueleze ua lake ni la rangi gani na kama umelimwa au umechimbwa porini. Asiyeweza kukuambia ua la tunguu analokuuzia hajapata kuuona mmea huo ukiwa hai, na hivyo hawezi kujua kama ni ule unaotibu au ni nduguye anayeua. Unga uliokwisha kusagwa ni hatari zaidi, kwani hata mtaalamu hawezi kuutambua kwa macho. Afadhali usiununue.

Tahadhari ni hiyo hiyo kwa wanaopenda maua ya nyungu. Wapo wachuuzi wanaotembeza okidi na matunguu ya maua kando ya barabara za Nairobi kwa bei inayovutia. Miche ya kitalu kwa kawaida hulingana kimo, majani yake ni safi na mizizi imekwisha kujaza mkebe. Mmea ulioibwa porini huwa na mizizi iliyokatika, majani yaliyotobolewa na wadudu, pengine kuvu na nyasi za msituni zimeshikamana nao, na hakuna wawili wanaolingana. Mingi hufa katika miezi michache hata ukiimwagilia maji kila siku, kwa sababu kilichokuwa kikiilisha kimebaki kule ilikong'olewa. Ukikuta inauzwa kwa wingi namna hiyo, toa habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Licha ya jina lake, sheria ya mwaka wa 2013 imelipa shirika hilo jukumu la kulinda mimea pia.